Pikipiki ya Aliyemkata Saynab

Saynab aliuza maziwa ya ngamia sokoni Garissa, na dumu lililojaa aliliinua kama mwingine anavyoinua kikombe cha chai. Alfajiri moja kijana aitwaye Abdiwahid alimvizia njiani, akataka simu. Saynab alisita kidogo tu, panga likamshukia mkono wa kulia. Jioni yake Abdiwahid alikamatwa akiiuza ile simu, akapelekwa jela. Saynab akabaki na vidole vitatu visivyonyooka.

Ofisi ya kusaidia waathiriwa wa uhalifu ilimpokea kwa mapenzi makubwa. Afisa wake, Keinan, alimkalisha chini ya feni na kumpa pole. Alikuwa fundi wa pole. Alimpa pole ya ofisi, pole ya wafadhili na pole yake binafsi, na zote hazikugusa bajeti hata kidogo.

“Sasa mama, tunahitaji ushahidi kwamba uliumia.”

Saynab akaweka mkono mezani.

“Huo ni mkono,” alisema Keinan kwa upole. “Ushahidi ni barua ya daktari.”

Aliileta. Ikaonekana imepitwa na wakati. Akaleta mpya, nayo ikasema jeraha limepona, na Keinan akamweleza, kwa masikitiko ya kweli, kwamba ofisi haiwezi kumsaidia mtu aliyepona. Wakati huo wote Abshiro, mke wa kaka yake, ndiye aliyembebea madumu na kumfunga ushungi asubuhi. Abshiro hakuwahi kudai barua ya daktari.

Miaka ikapita. Siku moja Keinan alipiga simu mwenyewe kumwalika Saynab kwenye sherehe ya ofisi. Saynab alivaa baibui yake nzuri, akiamini zamu yake imefika. Kulikuwa na mahema, maji ya chupa na hotuba ndefu kuhusu huruma. Waathiriwa waligawiwa fulana zilizoandikwa “Hauko Peke Yako.” Kisha ikasukumwa mbele pikipiki mpya, zawadi kwa kijana aliyetoka jela akiwa amebadilika tabia. Likaitwa jina la Abdiwahid.

“Wewe ndiye utamkabidhi ufunguo,” Keinan alimnong'oneza Saynab. “Picha ya msamaha. Wafadhili wataipenda sana.”

Saynab alisimama, akaupokea ufunguo kwa mkono wa kushoto, akasogea kwenye kipaza sauti.

“Huyu ndiye aliyenikata,” alisema. “Mmempa pikipiki, sawa. Mkono alioukata ulikuwa ukibeba maziwa. Basi pikipiki hii ibebe maziwa yangu kila asubuhi, bure, mpaka siku ofisi hii itakaponisaidia.”

Mzee mmoja katika safu ya mbele akasema, “Wallahi, hiyo ni haki.” Wengine wakaitikia.

Abdiwahid alikuwa akitazama viatu vyake. “Nitabeba, hooyo.”

“Mimi si mama yako,” Saynab akamjibu, akampa ufunguo.

Asubuhi ya kwanza Saynab alijificha nyuma ya Abshiro. Abdiwahid alishusha madumu, akaomba msamaha kwa sauti ya chini. Asubuhi zilizofuata Saynab alianza kusimama mwenyewe, kisha kumfokea akichelewa, na kule kumfokea kulimsaidia kuliko feni ya Keinan.

Baada ya miezi kadhaa Keinan alikuja sokoni na mpiga picha. Alitangaza kwa furaha kwamba ofisi imemfungia Saynab faili lake: mwathiriwa amepatiwa usafiri.

“Kwa hiyo mmenisaidia?” aliuliza Saynab.

“Kikamilifu, mama. Kwa hiyo kijana naye sasa yuko huru na lile sharti lako.” Keinan akampa Abdiwahid mkono wa pongezi, akaingia garini na kuondoka.

Abdiwahid alibaki amesimama kando ya pikipiki.

“Kesho nije saa ngapi?” aliuliza.

Saynab hakuwa amemsamehe, wala hakutaka kujifanya amemsamehe.

“Mapema,” alisema. “Maziwa kutoka Habaswein yataingia kabla ya jua, na jua halingoji mtu.”