Kifurushi Yatima

Wenzake wa mtandaoni walimwita binti huyo Mama Yatima, na jina likamganda. Kazi yake ilikuwa kutunza ghala la programu za kunogeshea sauti kwenye kompyuta za Linux. Hii inakoleza besi, ile inatia mwangwi, na zote hufungwa kwenye vifurushi ambavyo watu huvipakua bure kisha wakalalamika kama walionunua. Kifurushi ambacho mwenyewe amekufa au amechoka huitwa yatima. Kisipopata mlezi, kinafutwa.

Mwangwi wa kaka yake ulikuwa yatima. Kabla hajafa, kaka alipiga kofi moja chumbani kwake, akalirekodi, akalitumia kuunda programu ya mwangwi. Ukiipitishia sauti yoyote, inasikika kana kwamba imetokea mle mle chumbani. Nyumba yenyewe ilishabomolewa kupisha barabara, kwa hiyo chumba kilibaki ghalani tu.

"Yatima vipi mtoto wa mwanangu, na mimi bibi yake ningali hai?" mama yao alifoka siku aliyolisikia neno hilo.

Kila alasiri mama alikaa kwenye kochi, akavaa visikilizi, akasema "Hodi" kwenye maikrofoni na kufumba macho. "Yumo," alisema, kisha akaendelea kukunja nguo. Binti aliona ni uzee huo, akarudi kwenye kompyuta yake.

Basi mitambo ya ghala ikapandishwa hadi toleo jipya, na mwangwi ukagoma kufanya kazi. Binti aliupigania kufa na kupona, maana kuufuta kulikuwa kama kumzika kaka mara ya pili. Ulipokubali, furaha ikampanda kichwani, akafanya lile ambalo kila mtunza ghala nadhifu angefanya. Alilifungua faili la kofi, akakuta mkiani kelele hafifu zisizo na kazi, akazikata ili kifurushi kiwe chepesi. Akakituma ghalani, akajipongeza kwa chai.

Alasiri ile mama alisema "Hodi". Akasubiri. Akasema tena.

"Umefanya nini? Hayumo."

"Nimeondoa kelele tu, mama."

"Kelele?" Mama alivua visikilizi taratibu. "Mwanangu alikuwa na pumu. Ile ni pumzi yake baada ya kofi. Nimelala nayo pembeni tangu akiwa mchanga, wewe unaniambia kelele."

Majuto ni mjukuu, na binti aliyaona yakimjia mbio. Alikimbilia nakala ya akiba, ambayo hakuna mkono uliokuwa umeigusa. Kofi lilikuwepo. Baada ya kofi, mstari wa sauti ulikuwa umelala bapa hadi mwisho, kana kwamba hapakuwahi kuwa na kitu cha kukata. Aliongeza sauti hadi mwisho. Hakusikia chochote.

Hapo ndipo aliposikia pumzi nyuma yake, nje ya mlango. Ilikuwa inavutwa kwa shida, na filimbi nyembamba kifuani. Alichomoa waya wa spika. Pumzi ikaendelea.

"Mama, unasikia?"

"Nasikia. Umemfukuza kwake, ulitaka aende wapi?"

Mama aliziondoa nguo zilizokunjwa, akasogea hadi pembeni mwa kochi, akaacha nafasi ya mtu mmoja.

"Karibu, baba," aliuambia mlango. Kisha akamgeukia binti. "Na wewe, usimwite tena yatima."