Mpini Uliotundikwa Miavuli

Dada wa kaunta alitabasamu meno yote nje, akamwambia Mwalimu kwamba wamemwandalia zawadi: dereva, bure, mpaka jioni.

"Sikuomba dereva," Mwalimu alisema. Kaunta ile ya kukodisha magari kwenye uwanja wa ndege ilikuwa ya juu, na kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu ilimbidi aongee kidevu juu, kama mtu anayetafuta popo darini. "Niliomba gari lenye mpini wa mkono, ule wa kuongezea mwendo na kufungia breki bila miguu. Mkanijibu lipo."

"Gari lipo, ila mpini tumeutoa. Likirudishwa tu tunaufungua, maana wateja wengine wanalalamika unawagonga magoti. Halafu tukaona, dada yangu, ya nini uhangaike na usukani? Kaa nyuma, pumzika, uendeshwe."

Ubaya wa huruma ya namna hii ni kwamba hata kuigombeza unaona haya. Imekuja imeoga, imechana nywele, na dereva wake kasimama pale na funguo mkononi, mtu wa watu, hana kosa.

Lakini Mwalimu hakupanda ndege ili aje kuendeshwa. Alikuwa msichana wa shule siku baba yake, dereva wa malori, alipopitiwa na usingizi, naye kaketi pembeni yake, kwenye kona ya kiwanda cha matofali. Baba alitoka na mchubuko wa paji la uso. Miguu ya binti haikuamka tena. Tangu siku hiyo mzee hakushika usukani. Hata akipewa lifti alikaa wima, hapepesi jicho, mguu wa kulia ukikanyaga sakafu kutafuta breki isiyokuwepo. Wajukuu walimwita Trafiki, naye alicheka nao, ila mguu haukuacha.

Mwalimu alipojifunza kuendesha kwa mikono, kila likizo alimbembeleza baba yake apande naye. Kila likizo mzee alikuwa na udhuru mpya. Safari hii tu ndipo alipokubali, tena shingo upande, wamtembelee shangazi, ng'ambo ya ile kona. Sasa amwone binti yake anashushwa kiti cha nyuma na dereva wa kukodi? Angeamini moja kwa moja lile lililomla miaka yote, kwamba alimnyang'anya mwanawe kila kitu.

"Sisi ni wakala tu," dada wa kaunta alijitetea. "Mambo ya mpini ni ya kampuni kubwa."

"Hilo jina kwenye bango juu ya kichwa chako ni la nani? Ndilo nililoliandikia, tena mapema, kama mnavyotaka. Hawa wote kwenye foleni mnawapa gari wanaloweza kuliendesha. Na mimi nataka hilohilo."

Foleni ikakohoa. Simu ya Mwalimu ikalia.

"Mama, umefika?" Mzee alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kushindana na injini, kaunta nzima ilimsikia.

"Nimefika, baba. Nachelewa kidogo."

"Nani anaendesha?"

Mwalimu alimtazama dereva, kisha akatazama pembeni. "Mimi."

"Viatu nimeshavaa," mzee alisema. "Usiniache nikafikiria sana."

Tabasamu lilifutika usoni mwa dada wa kaunta. "Ni baba yako?"

"Ndiye aliyekuwa anaendesha siku ile."

Dada aliingia stoo, na kupitia mlango uliobaki wazi Mwalimu akauona mpini wake umeegemezwa ukutani, umetundikwa miavuli. Dada aliimwaga miavuli chini na kumpigia simu fundi. "Chakula utamalizia baadaye. Njoo sasa hivi!"

Fundi alikuja bado anatafuna. Mpini ukafungwa, na Mwalimu akazunguka nao uwanja wa maegesho, dereva pembeni yake, akafunga breki mpaka dereva akashika dashibodi na kusema inatosha, amesadiki.

"Nisamehe," dada alisema dirishani. "Nilidhani nakusaidia."

"Najua. Mwingine akiuomba, mpe mpini."

"Nitampa. Miavuli nitaitafutia msumari."

Nyumbani kwake, mzee alipanda mbele, akajifunga mkanda, akaanza kukanyaga sakafu. Alikanyaga sokoni, akakanyaga darajani. Bomba la moshi la kiwanda lilipojitokeza, Mwalimu aliusukuma mpini taratibu, gari likapunguza mwendo. Hakuthubutu kumtazama baba yake.

"Baba, ndiyo kona yenyewe."

Hakujibiwa. Alidhani mzee analia, akajilaumu kwa kumleta. Walipoimaliza kona ndipo alipogeuka.

Kofia ilikuwa imemwangukia mzee puani. Mdomo wazi, mguu umelegea pale sakafuni, anakoroma.

Machozi yakamtoka Mwalimu, akayafuta kwa bega kwa sababu mikono ilikuwa kazini. Alipofika kwa shangazi alimkuta amesimama langoni anapunga kanga. Mwalimu akamwinamishia kichwa kumsalimu, akapita, akaendelea mbele polepole, asije akamwamsha mzee.