Ukuta wa Mkate

Jumapili ya kwanza ya mwezi Fundi alinyoa ndevu, akavaa suti yake ya kahawia, akakagua kucha kama kuna saruji iliyobaki, kisha akaenda kanisani na mkewe kula Chakula cha Bwana. Alikuwa mwashi na mzee wa kanisa. Hakunywa, hakutukana, alifunga kila Ijumaa, na kabla ya kuanza msingi wa nyumba ya mtu yeyote alivua kofia akaomba, hata mwenye nyumba awe na haraka kiasi gani.

Mchungaji alisema maneno ya siku zote: mwenye ugomvi na ndugu yake akapatane naye kwanza. Watu waliinamisha vichwa kwa muda wa kutosha, kisha wakapanga mstari. Fundi akapokea kipande chake cha mkate, akafumba macho, akatafuna. Jino likalia ka! Akatema kiganjani jiwe jeusi, zito.

Mkewe alikuwa ameshatema lake. Mzee mwenzake, aliyeitwa Haleluya kwa kuwa alipiga kelele kuliko kwaya nzima, alihangaika na jiwe lililomjaa shavuni.

"Nani kaoka huu mkate?" aliuliza alipopata nafasi.

"Mimi," alisema mke wa mchungaji, naye akatema la kwake.

Mwezi uliofuata walinunua mkate dukani, ikawa vilevile. Basi mhudumu akaweka karai mlangoni, watu wakazoea. Kwa kuwa mawe yalizidi kukua, walijifunza kuinama mapema na kupanua mdomo. Wenye meno ya bandia waliyavua kabla ya sala.

Nje, chini ya dirisha, aliketi dada mkubwa wa Fundi juu ya kigoda. Alikuwa dobi. Ndiye aliyemuuguza mama yao miaka yote ya kitandani, na mama alipozikwa Fundi alisimama mbele ya wazee akasema dada yake anaishi na mwanamume bila ndoa. Hakusema uongo, ndiyo maana alipata usingizi. Dada akatengwa na kanisa. Fundi akabadilisha kufuli la nyumba ya mama, kwa kuwa mzee wa kanisa hawezi kukaa chini ya paa moja na mtu aliyetengwa, kisha akahamia humo yeye. Kwa utaratibu wao, aliyemshitaki mtu ndiye peke yake anayeweza kusimama na kusema yamekwisha. Fundi hakuwahi kusimama. Dada alikuja kila Jumapili, akaimbia dirishani.

Jumapili moja bibi mmoja mwenye kutetemeka mikono aliangusha kipande chake nje ya dirisha. Dada akakiokota, akakipuliza vumbi, akala. Kanisa zima liligeuka.

"Vipi huko?" aliuliza Haleluya.

"Mkate," alisema dada. "Umepungua chumvi."

Fundi aliona dada anavyomeza. Maana yake hakuwa na ugomvi na mtu, hata na yeye. Jambo hilo lilimuudhi kuliko jino. Ibada ilipokwisha akamfuata.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Jino bado linakuuma?"

"Kidogo."

"Sukutua maji ya chumvi. Na pale jikoni panapovuja, umeziba? Mama alikuwa anatega sufuria."

"Nimeziba."

"Afadhali."

Fundi alingoja aulizwe habari za kufuli. Majibu alikuwa nayo tele, yote ya kwenye Maandiko. Hakuulizwa.

"Si unajua nilisema kweli tupu?" akasema mwenyewe.

"Ulisema kweli. Yule bwana niliishi naye. Kaondoka zamani, akabeba na pasi yangu." Dada akacheka. "Nenda, mkeo anakusubiri juani."

Kesho yake Fundi alimwendea mchungaji.

"Nikisimama niseme yamekwisha, dada atarudi ndani?"

"Siku hiyohiyo."

"Na ile nyumba?"

"Ukisema yamekwisha, yamekwisha yote, mzee. Kwani wewe ukimjengea mtu, unamjengea nusu ya paa?"

Fundi akafikiria vigae alivyoweka sebuleni. Akafikiria chumba cha uani, ambamo mkewe alikuwa amepanga vyombo. Akasema anaomba muda wa kusali. Akasali kweli, tena kwa kufunga, mpaka suruali ikamlegea kiunoni. Lakini muda wote aliombea meno.

Mawe yalipoanza kuziba mlango, baraza likakaa. Haleluya akasema kiwanja cha kanisa hakina ukuta, mbuzi wanaingia mpaka madhabahuni, na mali ghafi hii hapa Bwana katupa. Wakamtazama Fundi. Akakubali kujenga bure.

Yalikuwa mawe mazuri. Yaliyotokana na ugomvi wa mashamba yalifaa kwa kona. Ya mawifi yalishika saruji vizuri sana. Ya wivu yalimeguka, akayatumia kama kokoto. Yake mwenyewe aliyajua kwa weusi wake, akayapanga chini kabisa, yabebe mengine.

Alipovuta kamba ya kunyooshea ukuta kupita mbele ya dirisha, ilimgusa dada magotini. Alikuwa amekuja mapema kwa mazoezi ya kwaya.

"Nisogee?" aliuliza.

"Kidogo, dada."

Akainua kigoda. "Hapa?"

"Bado kidogo."

Akasogea tena. Fundi akataka kusema neno; mdomo ulikuwa mtupu, haukuwa na mkate wala jiwe, ungeweza kusema lolote. Akaagiza zege.

Ukuta ulipokwisha, ulikuwa mrefu kuliko mtu aliyesimama. Jumapili hiyo Fundi akala, akainama, akatema, akajifuta midomo kwa leso safi. Mchungaji akatangaza kwamba, kwa jinsi mawe yanavyopatikana, mwakani kanisa litajenga ukumbi, na watu wote wakasema amina. Ya dada ilichelewa kidogo, maana kule nyuma ya ukuta alikuwa hasikii vizuri. Mke wa Fundi akamwinamia mumewe, akamuuliza kama ukumbi nao atajenga bure.

"Bure," alisema Fundi. "Ni kazi ya Bwana."