Shangingi la Kumtembelea Mama

Kaka yangu Amon alifundisha hesabu mpaka alipostaafu, na hilo ndilo lililotuponza. Mtu wa kawaida akitaka kufanya upumbavu anaufanya tu, anajuta, maisha yanaendelea. Mwalimu wa hesabu anakupigia kwanza mahesabu ya upumbavu wake, na ukibisha anakuuliza darasa la saba ulipata ngapi.

Mafao yake ya kustaafu yalikuwa na kazi mbili, na zote alizitangaza mwenyewe mbele ya ukoo. Kwanza, kumjengea mama nyumba ya matofali ya kuchoma, yenye msingi mrefu, hapa Ipyana ninapoishi naye. Pili, kujinunulia kigari kidogo cha kumtoa Ipinda anakokaa na mkewe Beatrice, kumfikisha Kyela mjini na kumrudisha. Tulipiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote, maana nyumba ya mama ni ya udongo, na kila masika mto unatutembelea bila kupiga hodi. Tunapandisha kitanda juu ya matofali, mpunga darini, mama anapanda kitandani na kuku wake, na mimi nabaki chini nikichota maji kwa sufuria kuyarudisha yalikotoka. Hayarudi. Ukutani kuna mistari ya maji ya miaka yote, na ule wa mwisho ulifika kifuani kwa marehemu baba, kwenye picha yake.

Nyumba mpya ilishaanza, kwa namna ya Amon. Alikuja na fundi, wakamwaga kifusi mpaka uwanja ukaota kilima, wakapigilia vigingi kwenye pembe nne, wakavuta kamba. Mama alifurahi akaimba. Kisha fundi akaenda zake kusubiri mafao, na mama akaanza kumfunga mbuzi kwenye kigingi cha chumba chake cha kulala.

Mafao yalipotoka, Amon alikwenda mjini kwa Abdulrahim kununua saruji na mabati. Abdulrahim ana duka la vifaa vya ujenzi, na uani, nyuma ya duka, hakosi gari moja au mawili ya kuuza. Amon aliingia kwa mlango wa mbele akiwaza saruji. Akatokea mlango wa nyuma, na huko akakutana na shangingi.

Sitasema uongo, lilikuwa zuri. Jeupe, refu, limeinuka juu ya magurudumu yake hadi mtu mfupi anahitaji kusaidiwa kupanda, na pembeni ya kioo limepandishwa bomba la kuvutia hewa hata likizama. Lilikuwa limeinuka kutoka ardhini kuliko nyumba ya mama.

Jioni hiyo Amon alifika kwetu, akakaa kwenye kigoda, akaokota kijiti na kuanza kuchora chini.

"Kigari kidogo bei yake ni robo ya hili," alisema. "Lakini kigari kidogo baada ya miaka mitano kimekufa. Hili linakwenda thelathini. Kwa miaka thelathini utanunua vigari vingapi, Tuli?"

"Sita."

"Sita mara robo?"

Niliona anakokwenda.

"Moja na nusu!" Alipiga kijiti chini. "Kwa hiyo anayenunua kigari kidogo ndiye mfujaji."

"Kaka, una miaka mingapi?"

"Sitini na mmoja."

"Ongeza thelathini."

"Gari litakuwa bado zima."

"Sikukuuliza gari."

Aliniangalia kwa huruma, kama alivyokuwa akiwaangalia watoto wa safu ya nyuma. Nikamuuliza nyumba ya mama imeangukia wapi kwenye mahesabu hayo, maana sikuiona chini pale. Akageuka kwa mama, aliyekuwa anapeta mchele pembeni yetu kimya.

"Mama, tatizo la hapa ni maji, siyo? Kigari kidogo hakifiki hapa masika. Shangingi linafika. Maji yakija tu, mimi huyo mlangoni."

"Ufike kufanya nini?" niliuliza.

"Kuwaangalia."

Nikaelewa. Badala ya kumtoa mama kwenye maji, kaka yangu atanunua chombo cha kumfuata humohumo, amwangalie alivyolowa, kisha arudi Ipinda mkavu. Niliona hasira inanipanda mpaka masikioni, nikaenda kumfungua mbuzi ambaye hakuwa na haja ya kufunguliwa.

Mama hakuinua uso. "Linadumu miaka mingapi, ulisema?"

"Thelathini, mama. Likitunzwa, hata arobaini."

"Ndaga," alisema mama. "Ndaga fijo, mwanangu." Akaendelea kupeta.

Amon aliipokea kuwa ni asante, na akaondoka akiwa ameridhika. Mimi nimekaa na mama siku nyingi, nazijua asante zake zote, na ile ilinitia wasiwasi.

Abdulrahim mwenyewe alinisimulia yaliyofuata dukani. Alimuuliza, "Mwalimu, nikuuzie au nikushauri?" Amon akasema amshauri. "Gari hili ni imara, sina la kulisema vibaya. Lakini siku utakayobadilisha tairi zake utanikumbuka, na mafuta yake utayalipia kila wiki. Mimi ninayeuza magari naendesha kile pale." Akamwonyesha kigari chake, bampa limefungwa kwa kamba ya katani. "Mjengee mama kwanza." Amon akadhani hiyo ni mbinu ya kupandisha bei, akalipa siku hiyohiyo asije akawahiwa.

Kuanzia hapo tulitembelewa sana. Alikuja jua likiwaka na vumbi likitimka, na kwenye kidimbwi pekee kilichobaki njiani alipita katikati kwa makusudi, akarudi nyuma, akapita tena. Misiba yote ya kuanzia Bujonde hadi Ipinda ilipata usafiri, maana nani atamkatalia marehemu na gari linaonekana? Beatrice alianza kupunga mkono kwa vidole viwili. Kilima cha kifusi kikaota majani, mbuzi akanenepa.

Aprili ikafika. Mvua ilinyesha usiku kucha, na palipopambazuka maji yalikuwa yamefika magotini ndani ya nyumba. Ukuta wa upande wa jikoni ulilegea, ukakaa chini taratibu kama mtu aliyechoka kusimama. Picha ya baba ilikwenda nao. Nililia, siyo kwa ajili ya ukuta. Nililia kwa sababu mama alikuwa juu ya kitanda, ameshika kuku mmoja kila mkono, na alikuwa anatetemeka huku akiniambia nisiogope.

Tukasikia honi.

Lilikuja, sitalinyima haki yake. Lilikuja likipasua maji, mawimbi yakiingia kwa majirani waliokuwa ndiyo kwanza wamemaliza kuchota. Amon alilipandisha juu ya kilima cha kifusi, katikati ya vile vigingi vinne, pahali pekee pakavu. Akapiga honi tena mlangoni, kwenye nyumba isiyokuwa na ukuta.

"Nilisema nitafika!" alipiga kelele kupitia dirishani. "Sikusema?"

Tulimbeba mama mgongoni. Alipofikishwa mlangoni pa gari alisimama, akafuta miguu yake kwa upindo wa kanga, mguu mmoja baada ya mwingine, ndipo akaingia. Akakaa kiti cha mbele. Akabonyeza godoro la kiti kwa kiganja, akaangalia paa, akaangalia vioo, akavuta mlango, ukafunga vizuri. Maji yalikuwa yanapita chini yake na hakuna tone lililomfikia.

"Twende Ipinda, mama," alisema Amon. "Chumba kipo."

"Na baba yako tumwachie nani?" Kaburi la baba liko migombani, nyuma ya nyumba. "Mimi hapa pananitosha."

"Hapa wapi?"

"Hapa." Akagonga dashibodi kwa kidole. "Nimehamia."

Amon alicheka, akawasha injini. Mama akafungua mlango akateremsha mguu mmoja kwenye mvua. Amon akazima. Akawasha tena, mguu ukateremka tena. Utamfanya nini mama yako mzazi, majirani wote wamesimama wanaangalia? Akasema basi, mpaka maji yapungue. Akaacha ufunguo tuweze kupandisha vioo, na mama akaufunga kwenye pindo la kanga kwa mafundo mawili. Mwalimu akavua viatu vyake vyeusi na kurudi Ipinda kwa miguu, akipita katika maji ambayo gari lake lilitengenezwa kuyapita.

Maji yalipungua. Mama hakutoka. Nilihamishia kuku kwenye buti na gunia la mpunga kiti cha nyuma, ambako mimi pia nililala, na kwa kweli sijawahi kulala pakavu vile mwezi wa nne. Mbuzi tulimfunga kwenye bampa. Kanga za mama tulizianika kwenye bomba la kuvutia hewa. Akina mama wa kanisani walipokuja kutupa pole walivua viatu kabla ya kupanda, wakasali ndani milango imefungwa, na walipotoka wakasema wamebarikiwa. Mama alisikiliza kwaya redioni asubuhi mpaka jioni, na gari lisilokufa likafa betri Jumapili ya kwanza.

Amon alikuja kwa bodaboda, matope hadi kwenye kola. Alikuja tena. Kila akija alikuta jambo jipya: siku moja ni pazia, siku nyingine ni jiko la mkaa mbele ya taa. Mama alimkaribisha vizuri sana. Alimteremshia kioo.

"Mama, nakuomba," alisema mara ya mwisho, amesimama chini kama anayeomba lifti. "Hili ni gari, siyo nyumba. Nimelinunua kwa mafao yangu yote. Beatrice anapanda pikipiki."

"Una haraka gani nalo, Amon?" Sauti ya mama haikuwa na ugomvi hata kidogo. "Ulisema miaka thelathini. Mimi sidhani kama nina hata mitano. Nikishatoka humu utalikuta bado zima, uendelee nalo."

Amon aliangalia ule ukuta ulioanguka, kitanda juu ya matofali, godoro lililoanikwa juani ambalo halikauki. Kisha akainama na kuanza kufungua kamba za viatu na kuzifunga upya, bila sababu yoyote, na aliendelea hivyo kwa muda mrefu. Nilikuwa nimeisubiri siku hiyo nimcheke. Maneno nilikuwa nimeyaandaa, mengine makali sana. Nilishindwa, nikamletea kigoda.

Wiki iliyofuata Abdulrahim alikuja mwenyewe, na kigari chake chenye kamba kilikwama mara mbili. Alilizunguka shangingi, akachungulia buti, kuku wakamchungulia. Gari la miaka thelathini lilikuwa limeshuka thamani, tena limepata harufu. Lakini Abdulrahim ni mtu wa haki. Alitaja bei isiyomwumiza mtu, akakubali kulipa nusu kwa saruji na mabati na nusu kwa fedha, na akakubali pia kungoja, maana mama alisema hatoki mpaka aone paa.

Kulikuwa na tatizo moja. Gari lilikuwa limesimama juu ya nyumba, yaani pale nyumba inapotakiwa kuwa, na betri haina uhai. Wanaume wa jirani wakaitwa kulisukuma. Mama alikataa kushuka. Wakamsukuma humohumo kutoka chumbani kwake hadi uani, yeye akisalimia watu kushoto na kulia, "Mugonile, mugonile," na fundi akaanza kuchimba msingi.

Paa lilipopigiliwa bati la mwisho alitoka, na sharti moja: kiti chake kinabaki. Amon akasema haiwezekani, gari haliuzwi bila kiti. Abdulrahim akaangalia kiti, akamwangalia mama, akasema linauzwa. Fundi akakiweka barazani, na kwa kuwa mama alisisitiza, mkanda wa kiti akaufunga kwenye nguzo.

Masika mengine yalipokuja, maji yalipanda ngazi mbili za nyumba mpya na kuishia hapo. Mimi nilikaa ndani nikisikiliza sufuria zangu zisizokuwa na kazi. Mara nikamwona Amon anakuja katikati ya maji, suruali imekunjwa mapajani, viatu mkononi. Sasa ndiye anayeendesha kile kigari chenye bampa la kamba, aliuziwa kwa bei ya kindugu, na alikuwa amekiacha barabarani kwenye lami. Alipanda ngazi akihema, na aliangalia chini kwanza, kwenye miguu ya mama, kama ni mikavu.

Mama alikuwa kwenye kiti chake. "Umefikaje, Amon?"

"Kwa miguu, mama."

"Miguu hiyo umeitumia miaka mingapi?"

Alipiga hesabu, hawezi kuacha. "Sitini na miwili."

"Na bado inafika mlangoni," alisema mama. Akataka kusogea ampishe mwanawe akae, mkanda ukamzuia.