Lango la Mtu Mwingine

Ivars Kalve alifika Kigoma mwaka 1996, wakati maboti ya kutoka Kongo yalipokuwa yakishusha watu ufukweni Kibirizi tangu asubuhi hadi jua linapozama. Aliletwa na shirika moja la misaada kutengeneza malori yaliyopeleka mahindi makambini. Kwao ni Latvia, nchi ambayo pale kwenye bohari la shirika hakuna aliyewahi kuisikia, basi tukamwita Mrusi. Kila mara alikataa kwa upole, "Mimi si Mrusi." Baadaye tukamwita Kocha, akaridhika.

Ukocha wenyewe ulianza hivi. Sisi wabeba magunia na madereva tulikuwa na timu yetu, tukicheza jioni kwenye uwanja wa vumbi wa Rusimbi. Siku moja alisimama nyuma ya goli akatazama kimya, kisha akamwambia golikipa wetu, Nikodemu, "Toka mbele hatua mbili. Mwenye mpira akuone wewe, asione wavu." Nikodemu akatoka hatua mbili. Jioni ile hakufungwa tena.

Tulipomuuliza alijifunzia wapi, alisema amedaka miaka kumi na mitatu katika mji wa Riga, lakini si mpira wa miguu. Kwao watu huvaa viatu vyenye chuma chini, huteleza juu ya maji yaliyoganda na kupiga kwa magongo kisahani cha mpira mgumu kama jiwe. Kazi ya kipa ni kukaa mbele ya jiwe hilo.

"Maji yanaganda hadi mtu asimame juu?" aliuliza Dismasi, dereva.

"Hata lori lako linapita."

Dismasi alilitazama ziwa, halafu akamtazama Kocha, akanyamaza kwa heshima.

Mimi Gasper nilikuwa kipa wa pili. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na kila jioni nilikaa kwenye tofali nikimtazama mwenzangu akishangiliwa. Si kwamba Nikodemu alinifanyia ubaya. Alikuwa mtu wa kugawa. Akinunua samaki wa kuchoma, mgebuka, kipande cha tumboni ananipa mimi. Ndiye aliyenieleza mwenyewe kwamba mama yake, Verediana, alikimbia Burundi mwaka 1972 akiwa amembeba mgongoni, akafikia Ujiji, akaanza kuuza mawese sokoni. Nikodemu hakuijua nchi nyingine zaidi ya hii. Jina langu tu ndilo alilolitamka kwa lafudhi ya mama yake: Gasipari.

Mwaka 1997 ikatoka amri kwamba Warundi wanaoishi nje ya kambi wakusanywe. Malori yaliyokuwa yakipeleka mahindi sasa yalipeleka watu. Asubuhi moja nilikuwa nakunywa chai karibu na bandari, akaja kukaa mezani kwangu mtu mmoja wa serikali aliyekuwa akiandika majina. Alinisifia timu yetu. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, "Wote pale ni raia?"

Ningeweza kusema ndiyo. Nilizungusha kikombe, nikasema, "Nikodemu muulizeni mwenyewe amezaliwa wapi."

Ni maneno hayo tu. Nimeyapima miaka mingi, na hakuna uongo hata mmoja ndani yake.

Walimchukua Alhamisi pale pale bohari, gunia likiwa begani. Mama yake alishapandishwa lorini, amekaa juu ya furushi. Nikodemu alivua glavu alizopewa na Kocha, ambazo alikuwa akizivalia hata kubebea magunia, akanitupia kutoka juu ya lori. "Nishikie, Gasipari. Huko nitakaa siku mbili tatu."

Jumapili tukacheza na timu ya Ilagala, na goli likawa langu. Nilidaka vizuri kuliko siku zote. Kipindi cha pili, kabla ya kona, nikasikia nyuma ya wavu sauti ikiniita, taratibu, "Gasipari." Niligeuka. Nyuma yangu kulikuwa na ukuta wa shule na mbuzi mmoja. Nikarudi mchezoni. Baada ya dakika chache ikaita tena, nikageuka tena. Tulishinda moja bila, wakanibeba juu juu.

Watu walipotawanyika Kocha alinikalisha kwenye nyasi za pembeni mwa uwanja.

"Umesikia nini?"

"Hakuna kitu, Kocha."

"Mimi niligeuka hivyo hivyo miaka kumi na mitatu," alisema.

Akanihadithia. Alipokuwa kijana alikuwa kipa wa pili. Wa kwanza aliitwa Modris, kipa hodari sana, mwenye tabia ya kugonga milingoti ya goli kwa gongo lake kabla ya mchezo kuanza: kulia mara moja, kushoto mara mbili. Siku moja Modris alimnong'oneza kwamba kaka yake ametoroka nchi, yuko ng'ambo. Enzi hizo za utawala wa Kisovieti lilikuwa jambo la hatari. Afisa mmoja akamuuliza Ivars kama anajua lolote, naye akajibu ndiyo. Modris akatolewa kwenye timu, akapelekwa mbali kupasua mbao. Ivars akaingia golini.

"Siku ya kwanza, kabla ya filimbi, nikasikia milingoti inagongwa. Kulia moja. Kushoto mbili. Hakuna mtu. Ikawa hivyo kila mchezo. Nikaacha kucheza, nikawa kocha wa vijana. Kila kijana niliyemweka golini, nilisikia tena. Modris alikufa mwaka themanini na nne. Sikuwahi kwenda kwake. Mke wake yuko hai. Kwake pia sijakwenda."

Hakuniuliza nilifanya nini. Aliniambia tu, "Wewe kambi yako iko karibu. Nenda."

Sikwenda. Kwanza mvua zilikata barabara, kisha tukaingia fainali, kisha nikajiambia kwamba Nikodemu huenda hajui lolote, kwa nini nimuumize. Nilizidi kuwa kipa mzuri, na sauti ilizidi kuwa karibu. Mwisho haikuwa tena nyuma ya wavu, bali sikioni.

Mwaka 1999 mkataba wa Kocha uliisha. Nilimsindikiza stesheni. Treni ilipokuwa inataka kuondoka aliniuliza, "Ulikwenda?"

"Nilikwenda," nikamjibu.

Alifumba macho. Alinishika kichwa kwa mikono yake miwili mikubwa, kama mtu aliyeletewa habari ya mgonjwa wake kupona. "Asante," alisema. Sikuweza kumtazama.

Miezi minane baadaye ikaja barua pale bohari, imeandikwa kwa Kiswahili chake cha madereva. Ninayo mpaka leo. "Gasper. Kwa sababu wewe ulikwenda, na mimi nimekwenda kwa mke wa Modris. Mara ya kwanza hakufungua. Mara ya pili hakufungua. Mara ya tatu alifungua, tukakunywa chai. Hajanisamehe. Amenionyesha picha za Modris akiwa na nywele nyeupe. Sasa nafundisha vijana tena. Juzi mchezo ulianza na sikusikia kitu. Niambie na wewe, siku hizi unasikia?"

Nilisoma barua ile nimesimama kati ya magunia, nikaona haya mbele ya magunia yenyewe. Kesho yake nikaomba ruhusa, nikapanda lori la Dismasi.

Kambini iliniwia vigumu kuuliza njia, maana kila niliyemwuliza alitaka kujua mimi ni nani kwa Nikodemu. Nilimkuta Verediana nje ya nyumba ya udongo, anachambua maharage. Alikuwa amekonda. Aliponitambua aliinuka kwa furaha.

"Amahoro, mwanangu. Umekuja kumwona rafiki yako, umechelewa."

"Shikamoo, mama. Yuko wapi?"

"Aliondoka mwaka juzi, kwa miguu, kuelekea Burundi. Alisema hawezi kukaa mahali pa kuomba kibali cha kwenda kuchota kuni. Sijapata neno lake tena."

Aliingia ndani, akaniletea kigoda. Nilikaa. Nilimweleza yote: meza, chai, swali la yule mtu, jibu langu. Nilieleza bila kujitetea, kwa kuwa njia nzima nilijitetea na utetezi ulikuwa umekwisha. Mikono yake iliendelea na maharage, ikitoa mawe na kuyatupa kando. Halafu ikasimama.

"Ilikuwa wewe," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Si Agnesi."

Sikuelewa. Akanieleza kwamba Agnesi alikuwa jirani yake sokoni Ujiji, meza kwa meza kwa miaka kumi na minane. Juma lile lile waligombana kwa ajili ya mteja, na Verediana akaamini ndiye aliyewataja. Agnesi alimtumia sabuni na kanga kwa watu waliokuja kambini, Verediana akazirudisha. Verediana alipofiwa na dada yake alimtumia rambirambi, naye akakataa hata kuzisikia.

"Miaka mitatu nimemlaani mtu wa watu," alisema. "Nenda ukamwambie. Kwa mdomo wako, kama ulivyoniambia mimi. Usimtume mtu."

"Nitakwenda. Na mimi, mama, unanisamehe?"

"Kwanza nenda," alisema, akarudi kwenye maharage yake.

Kesho yake asubuhi nilikuwa sokoni Ujiji. Agnesi ni mwanamke mfupi, mwenye sauti, na wateja walikuwa wamejaa mbele yake. Nilimwomba tusogee pembeni, akakataa, nikasema pale pale mbele za watu. Nilingoja kofi.

Hakunipiga. Alivua mkoba wake wa kiunoni, akampa jirani amwuzie, akajaza mawese dumu la lita tano mpaka shingoni na kulifunga kwa nailoni. Alifunga kanga yake upya, akalibeba dumu hadi barabarani, akasimama kungoja gari la Kasulu linalopita kambini. Nilisogea nimsaidie kubeba.

"Acha," alisema bila kugeuka. "Nikodemu amefika wapi?"

"Hatujui."

Gari likaja, akapanda.