Mstari wa Atuti

"Toa koti," meneja alisema, na mume wangu akaanza kufungua vifungo.

Lilikuwa koti refu la kaki lenye vifungo vya shaba, na mvua ya asubuhi ilikuwa inaanza kudondoka. Tulikuwa tumepanga foleni mbele ya mizani, vikapu mgongoni, watu wa makabila matatu manne ambao hatukuwa na lugha ya pamoja ila Kiswahili, na hakuna aliyekohoa. Kifungo cha chini kilimkatalia. Alikivuta, akakivuta tena, huku meneja amenyoosha mkono kama mtu anayengoja chenji dukani. "Upesi. Wewe kwisha." Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kifungo kile nilikishona mimi, tena kwa uzi wa gunia, kisije kikamwaibisha kwa kukatika mbele ya watu.

Hiyo ilikuwa mwaka wa hamsini na sita, katika mashamba ya chai ya Kericho, miaka ya hali ya hatari, Mzungu akipandisha sauti kila mtu anaangalia miguu yake. Mume wangu aliitwa Atuti. Alikuwa nyapara wa genge letu la wachumaji tangu kabla sijamzaa Bosibori, na alilipenda koti lile kuliko alivyonipenda mimi, nasema hivi bila kinyongo. Krismasi tulipokwenda kwao Kisii alilivaa juani, jasho likimtiririka, ili ndugu zake walione. Sasa alikuwa amemwaga unga mbele ya watu wote aliowahi kuwafokea. Nyumba tuliyolala ilikuwa ya kazi. Meneja alimpa mpaka mwisho wa mwezi apasue kuni za kiwanda. Baada ya hapo, kama hakuna nyapara wa kumchukua katika genge lake, tufunge mizigo. Na kurudi Kisii bila koti, Atuti aliniambia, ni heri afe.

Nisimsingizie marehemu. Nyumbani hakuwahi kuninyima chakula wala kuninyanyulia mkono. Lakini shambani aliamini kwamba mtu hachumi mpaka aogope, kwa sababu yeye mwenyewe alipokuwa kibarua aliogopeshwa, na alichuma. Alipuliza filimbi wakati michai bado imeloa umande, akatutukana mpaka jua lilipopanda. Uji ulipoletwa ulikaa hapo ukapoa, kwa kuwa kwake hakuna kunywa kabla ya kupima. Mistari mizuri, ile ya tambarare kando ya barabara, aliwapa aliowapenda. Ile ya mteremko kuelekea mtoni, ambako unachuma huku unateleza, aliwapa asiowataka. Mimi miaka yote nilikuwa barabarani. Nilidhani nina mikono miepesi.

Wa mtoni siku zote alikuwa Beldina, mama mmoja kutoka upande wa Nyakach. Siku moja, Beldina akiwa na mimba kubwa, Atuti alitia mkono katika kikapu chake, akatoa majani mawili matatu yaliyokomaa, magumu, ya kutupwa. Angeyatupa hayo tu. Badala yake alikipindua kikapu kizima kwenye tope la barabara. Beldina alipiga magoti kwa shida na tumbo lake, akayaokota. Hakulia, wala hakumtazama mtu. Sisi wengine tuligeuza macho, na mimi niliyageuza kabla ya wote. Jioni nilipika, Atuti akala, akasifu mboga.

Lakini koti halikumtoka kwa ajili ya Beldina. Lilimtoka kwa sababu watu walikuwa wanatoroka mmoja mmoja kwenda mashamba mengine, na waliobaki walikuwa wamekufa moyo, wanachuma kama wafungwa, na genge letu lilikuwa la mwisho katika shamba zima. Meneja hakuwa na habari na tope. Alikuwa na habari na mizani.

Aliyekabidhiwa koti ni Johana Kipkosgei, mtu wa upande wa Bomet, mfupi, mwenye tumbo la kutangulia na kicheko kisicho mbali. Alilipokea, akaligeuzageuza kama mtu anayenunua mbuzi.

"Bwana, mimi nasikia joto mingi," akasema. Akalitundika kwenye mlingoti wa mizani. "Mtu akishikwa na homa, avae hii."

Wa kwanza kushikwa na homa alikuwa Beldina. Niliuona mgongo wa mume wangu ukipita kati ya michai, nikafungua kinywa kumwita, kisha mgongo ukageuka na ukawa ni Beldina ndani ya koti. Uso uliniiva.

Asubuhi yake ya kwanza Johana alikuja na kikapu chake mwenyewe. Alijifunga gunia kiunoni, akachukua ufito mrefu, akatangulia mbele yetu akitikisa umande kutoka kwenye michai, akaloa mpaka kifuani huku akipiga kelele kwamba maji ya Kericho ni baridi kuliko mama mkwe wake. Wanawake wakacheka. Nilishtuka kusikia kicheko pale. Ni kama mtu amecheka kanisani. Uji ulipofika alipuliza filimbi tunywe ukiwa moto. Mistari ikaanza kuzunguka, aliye mtoni leo kesho yuko barabarani. Na hakuna aliyekwenda kwenye mizani peke yake: ukimaliza mstari wako, unaingia kwa upande wa pili katika mstari wa aliyechelewa, mnachuma mkielekeana mpaka mnakutana. Alipokwenda kwa meneja kuomba magunia ya viunoni kwa kila mtu alikataliwa. Akaenda tena. Mara ya tatu tulipewa, nadhani ili asirudi mara ya nne.

Zamu yangu ya mtoni ilipofika, ndipo nilipojua mikono yangu ilivyo. Wengine walimaliza, mimi nikabaki chini huko na matope hadi magotini. Miaka yote nilikuwa nimepokea sifa za barabara nikadhani ni zangu.

Genge lilibadilika mbele ya macho yetu. Waliotoroka wakaanza kurudi, wanasimama pembeni ya barabara wakijifanya wanapita. Nyaberi, karani wa mizani, aliacha kutuita "nyinyi wa mwisho". Tulianza kuimba, na mimi nikaimba pia. Hapo ndipo aibu yangu ilipokuwa kubwa kuliko siku ya koti. Nyumbani nilikuwa na mume aliyekaa kwenye kigoda, mikono imechubuka kwa shoka, akiangalia ukuta; na mimi nilikuwa natoka kazini nimefurahi. Nilikuwa nasimama kwenye bomba la maji, naosha uso mara mbili tatu, mpaka kicheko kiniishe, ndipo niingie ndani.

Kisha Johana akakosea. Siku hiyo joto lilikuwa kali baada ya mvua, majani yakawa mengi kupita kiasi, naye akatuambia tuyashindilie kwenye magunia tuendelee kuchuma, lori linakuja. Lori likakwama njiani. Lilipofika, ukitia mkono ndani ya gunia unasikia moto kama wa sufuria, na majani yalikuwa yamegeuka mekundu, hayafai kitu. Kazi ya siku nzima. Meneja alishuka kwenye gari yake, akachota kiganja kimoja, akakinusa, akakitupa.

"Nani nafanya hii?"

Kwa Atuti jibu la swali hilo lilikuwa daima mmoja wetu. Niliwaona watu wakirudi nyuma kidogo kidogo, kila mmoja akimtafuta mwenzake wa kujificha nyuma yake. Hata mimi nilirudi.

"Ni mimi, bwana," Johana alisema. Mara hii hakuwa na kicheko. "Hawa watu walichuma mzuri. Mimi ndiye nilisema washindilie. Kata yangu."

Meneja akamkata mshahara kweli, na tusi juu yake. Johana akainamisha kichwa, akalipokea. Kesho yake hakuna aliyengoja filimbi. Alipofika alitukuta tumeshaingia shambani, hata wale waliozoea kuchelewa, na jioni Nyaberi aliipiga mizani kofi akidhani imeharibika.

Nilimsimulia Atuti tukila. Sijui kwa nini. Labda nilitaka asikie.

Alicheka kwa pua. "Mjinga huyo. Nyapara hakubali makosa mbele ya vibarua. Watamkalia kichwani."

"Hawajamkalia, Baba Bosibori."

Tonge likabaki mkononi mwake. "Na wewe unamchumia sana?"

Nikamsogezea mboga. Nilikuwa namchumia sana.

Mwisho wa mwezi ukakaribia. Manyapara wengine wote walimkataa. Nani anataka nyapara aliyevuliwa katika genge lake, amwangalie kila anachofanya? Nilianza kukunja nguo za mtoto. Jumapili jioni Johana akaja mwenyewe mpaka mlangoni kwetu, akasimama nje, kofia mkononi.

"Baba Bosibori, niko na nafasi ya mtu moja."

"Ya kunicheka?" Atuti akauliza.

"Ya kuchuma. Kucheka tutacheka, lakini si wewe peke yako."

Atuti aliingia ndani akafunga mlango. Nilibaki nje na Johana, sijui niweke wapi mikono, nikamwomba radhi, akasema hapana shida mama, akaondoka. Usiku kucha Atuti hakugeuka kitandani, nikajua halali. Asubuhi nilipoamka alikuwa amekaa kwenye kigoda na kikapu kati ya magoti, anajaribu kamba ya kichwani kama haijui.

Siku hiyo kwa zamu alipaswa kupewa mstari wa mtoni. Nilitamani Johana apendelee, mara moja tu, kama mume wangu alivyokuwa akipendelea. Hakupendelea. Alimwonyesha kwa mkono, na Atuti akashuka, na watu sitini wakajifanya hawaoni.

Alikuwa amesahau. Kupiga filimbi miaka yote hiyo kulikuwa kumemsahaulisha kazi. Alichuma kwa kiganja kizima, akivuta kama mtu anayenyonyoa kuku, majani machanga na makuukuu pamoja. Kila nilipoinua kichwa alikuwa palepale. Jua likapanda, mistari ikaisha mmoja mmoja, na watu wakaweka vikapu chini wakanyoosha migongo. Ulibaki mstari mmoja tu, na katikati yake kichwa kimoja.

Kwa desturi yetu mtu angekuwa ameshashuka. Hakuna aliyeshuka. Hawakucheka, na afadhali wangecheka. Walisimama tu wakamtazama yule aliyewatukana, na mimi nilisimama kati yao, mke wake, na miguu ilikuwa mizito. Nilijua kinachokuja. Atuti angekitupa kikapu mtoni, angepanda mlima bila kumtazama mtu, na kesho tungekuwa barabarani na mizigo yetu, na yeye asingekuwa mtu tena, Kisii wala hapa. Johana alikuwa ameanza kujifunga gunia lake ashuke mwenyewe.

Beldina akamtangulia. Alimkaza mtoto mgongoni, akainua kikapu, akazunguka mpaka mwisho wa mstari kule chini, akaanza kuchuma akipanda. Alipomwona anakuja, Atuti alisimama wima.

"Rudi," akasema. "Nitamaliza mwenyewe."

Beldina akaendelea kuchuma. Wanawake wengine wakashuka nyuma yake, na mimi nikashuka nao, sasa miguu imenikubali. Walipokutana, yeye na Atuti, kati ya mchai na mchai, Beldina hakumtazama usoni. Alitazama ndani ya kikapu cha Atuti. Kilikuwa kimejaa majani magumu. Nilijua ana haki ya kukipindua, na kama angekipindua nisingekuwa na neno la kusema, si kwake, si kwa mume wangu.

Alitia mkono, akayatoa yale magumu, akayaangusha chini katikati ya michai bila haraka, akaacha mazuri. Yalibaki machache sana. Kisha akashika tawi.

"Usivute na mkono yote, Baba Bosibori. Vunja na hizi vidole mbili. Ona."

Jani likavunjika kwa sauti ndogo. Mtoto alikuwa amelala mgongoni kwake, kichwa kikining'inia. Atuti alitazama vidole vile muda mrefu, na mimi nilimtazama yeye, shingo yake ambayo haikuwa na kola ya koti.

"Nionyeshe tena," akasema.

Alisema polepole, chini kabisa, ili Beldina peke yake amsikie. Niligeuka nikajitia kuchuma mchai ambao ulikuwa umeshachumwa. Katika ndoa yetu yote sikuwahi kumsikia akimwomba mtu kitu, na nilijua asingependa mimi niwe nimesikia. Tulikaa katika genge lile miaka mingi, akawa mchumaji kama wachumaji wengine, na mpaka tunamzika sikumwambia kwamba nilisikia.