Mapipa Mawili ya Florus

"Kwanza pengwini, halafu nyangumi, halafu divai," alisema Magrieta akifunga mkanda wa kiti.

Siena, aliyekuwa ameshika usukani wa pikapu yake, alizima injini palepale mbele ya nyumba.

"Divai? Wewe, wifi? Watu watasema kifo cha kaka yangu kimekuharibu akili."

"Waseme. Washa gari."

Ilikuwa Septemba, mwezi wa tatu tangu Florus azikwe. Likizo hiyo aliipanga yeye. Miaka thelathini na mmoja alifanya kazi katika ghala la divai kwenye shamba moja la mizabibu juu ya mji wa Hermanus, Afrika Kusini, na kila mwaka alimwahidi mkewe siku mbili za kutembea pwani kama wageni. Safari hii alikuwa ameshaandika jina la nyumba ya wageni kwenye kalenda ya jikoni. Magrieta hakulifuta. Alimwita wifi yake waende wote.

Magrieta hakuwahi kuonja divai. Baba yake alikuwa kibarua wa shamba huko ng'ambo ya milima, na sehemu ya ujira wake, kama ya wenzake wote, ililipwa kwa vikombe vya divai, kuanzia alfajiri hadi jioni, mpaka ini likamuua. Siku ya maziko, binti wa miaka kumi na minne alimwapia mama yake kwamba divai haitapita kooni mwake maisha yake yote. Kisha, mambo ya dunia, akaolewa na mtu wa divai.

Mwaka mmoja mwenye shamba alimwachia Florus mapipa mawili ayatunze kwa akili yake mwenyewe. Divai yake ilipotiwa chupani, Florus alimbembeleza mkewe: "Grieta, njoo uonje. Mara moja tu." Hakwenda. Sasa alikuwa amesikia kwamba zimebaki chupa chache. Kiapo chake angekifanyaje, hakujua. Alijua tu kwamba harudi nyumbani kabla hajaijua kazi ya mumewe.

Huko pwani ya Betty's Bay pengwini walikuwa wakipanda kutoka majini wawili wawili.

"Watazame," alisema Siena, "kama wazee wa kanisa wanaokwenda kukusanya sadaka."

Waliporudi garini walikuta nyani dume ameketi juu ya boneti, mfuko wao wa chakula miguuni pake. Vitonge vya nyama alikuwa ameshavimaliza. Alikuwa akilamba shira vidoleni.

"Mwizi mkubwa wewe!" Siena alipiga kelele. "Nimeamka saa kumi kukupikia wewe?" Nyani akamwangalia, akashuka bila haraka. "Hii ni ishara, wifi. Turudi nyumbani."

"Ni ishara kwamba hukufunga dirisha."

Jioni waliona nyangumi na mtoto wake, karibu na miamba kiasi cha kumsikia akipumua. Siena alilia, akamshukuru Mungu, na asubuhi yake akaanza tena.

"Nyangumi tumemwona. Si inatosha? Mama yako yuko kaburini, wifi. Nani atakufungulia kiapo?"

"Sijaomba kufunguliwa. Kata kushoto."

Kwenye baraza la kuonjea divai pale shambani waliketi wageni watano au sita. Msichana mhudumu, Leandra, aliposikia jina la Fortuin, ukoo wa Florus, aliweka trei chini na kumshika Magrieta mikono yote miwili.

"Mke wa Anko Florus! Pole sana, Anti. Yake ipo. Naileta."

Meza ya pili, mzee mmoja aliyevaa koti zuri alivuta funda, akalizungusha mdomoni, akainama, akalitema ndani ya ndoo ndogo ya bati.

"Yesu wangu!" alisema Siena. "Mtu mzima anatema mbele za watu!"

Leandra, aliyekuwa amerudi na chupa na glasi, alicheka. "Ndiyo kazi ilivyo, Anti. Kule ghalani wanaonja mapipa arobaini kwa asubuhi moja. Wangekuwa wanameza, nani angefika kwao kwa miguu yake?"

Magrieta aliuliza polepole, "Na Florus?"

"Anko? Hata Krismasi alitema! Wenzake walimtania, 'Anko, hata leo?' Akawajibu, 'Nyumbani kuna mtu ameapa. Nusu ya kiapo naibeba mimi.'"

Magrieta alitazama ndoo ile. Miaka mingapi Florus alirudi akinuka divai, akisema, "Nimeonja nikatema, Grieta"? Naye akamjibu kwamba hakuna mtu duniani anayetia kitu kitamu mdomoni halafu akakitema. Akamtupia mto na blanketi.

"Nilikuwa namlaza kwenye kochi," alimwambia Siena.

"Najua. Mgongo wake nani alikuwa anausugua dawa?"

Magrieta hakucheka. Aliisogeza glasi mbele ya Leandra. "Mimina."

"Wifi..."

"Niliapa haitapita kooni. Haitapita."

Alivuta funda. Ilikuwa kali, kisha ikalainika, na nyuma yake kukaja kitu kama plamu zilizoiva mno na moshi wa mbali. Koo lilitaka kumeza. Akalikaza, akainama, akatema. Nusu iliingia ndooni. Nusu ilimtiririka kidevuni hadi kwenye blauzi yake nyeupe ya kanisani. Siena alicheka mpaka akashika meza, halafu kicheko kikageuka kilio, naye akakiacha kiwe hivyo.

"Usijali, Anti," alisema Leandra akitoa kitambaa. "Wote huanza hivyo."

Magrieta alijifuta kidevu. Doa la blauzi hakuligusa.

"Hiyo sikuionja," alisema. "Nilikuwa naogopa tu. Ulimi unauweka wapi?"

"Nyuma ya meno. Kaza midomo, sukuma mara moja."

Alivuta ndoo karibu, akaweka viwiko mezani kama mtu anayeanza kazi, akanyoosha glasi.

"Tena."